Sauti ya Hamida Kwenye Kaseti

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Lea alifagia uwanja wa nyumba yao ya Chang'ombe, akinyunyiza maji kwanza ili vumbi la Dodoma lisimrudie usoni. Huku akifagia alijisomea sentensi za Kiingereza kwa sauti. Alikuwa darasa la sita, na katika somo hilo hakuna aliyemshinda. Miaka ile ya tisini shule za binafsi zinazofundisha kwa Kiingereza zilikuwa zimeanza kufunguliwa mjini, lakini baba yake, karani wa serikali, alikuwa akisema kwamba binti yake hana haja nazo.

Shangazi yake Evelina alipokuja likizo kutoka Dar es Salaam, Lea alifurahi kupita wote. Shangazi alikuwa chuo kikuu, akisomea shahada ya uzamili ya lugha na fasihi ya Kiingereza. Alikuja na vitabu vizito na redio ya kaseti yenye kipaza sauti, akasema atarekodi watoto wakisoma Kiingereza. Lea akawatangazia wenzake bombani kwamba sauti yake itasikika chuo kikuu.

"Shangazi, mimi utanirekodi lini?" aliuliza jioni moja.

"Wewe sikurekodi, mama. Natafuta mtoto anayezungumza Kirangi nyumbani. Yule rafiki yako wa jirani, Hamida, si kwao ni Kondoa?"

Lea alijibu kwamba ndiyo, kisha akatoka nje asionekane uso. Hamida? Hamida aliyekuwa akimwomba amsaidie kazi za nyumbani za Kiingereza?

Kesho yake Hamida alikuja amevaa gauni la sikukuu. Lea aliosha vyombo chini ya dirisha, akisikiliza. Hamida alisoma neno la Kiingereza lenye maana ya kitabu, akaliongezea irabu ndogo mwishoni. Akasoma lile la mbwa, ikawa vilevile. Shangazi alicheka kidogo kwa furaha, akasema, "Vizuri sana. Rudia." Kisha Lea akaitwa awapelekee chai na maandazi. Alimwekea Hamida kikombe bila kumtazama. Mtu anakosea, halafu anaambiwa vizuri sana, na mimi ndiye wa kumpelekea chai, aliwaza.

Jioni walikutana bombani, na wasichana wengine wakiwa kwenye foleni.

"Unajua kwa nini Shangazi anakurekodi?" Lea alisema, akihakikisha wote wanasikia. "Anakusanya makosa yako. Atayapeleka chuoni, wasomi wakae wacheke."

Hamida alimtazama. "Yeye ndiye kasema hivyo?"

"Kasema."

Wasichana wakacheka. Hamida alijitwika ndoo yake kabla haijajaa, akaondoka.

Siku iliyofuata Shangazi alimngoja bila kumwona. Lea akasema Hamida anaumwa kichwa. Darasani, Mwalimu Cornel wa Kiingereza alipomwita Hamida asome, alisimama na kitabu mkononi, midomo imefungwa, mpaka akaambiwa aketi. Mwanzoni Lea aliona raha. Lakini hata Mwalimu wa Kiswahili alipomwuliza swali, Hamida hakufungua mdomo, na ile raha ikamwisha Lea ghafla. Hata hivyo hakumwambia mtu ukweli.

Jumamosi mama yake Hamida, Bi Batuli, aliyekuwa akiuza mitumba sokoni, alibisha hodi. Alikataa kiti.

"Samahani, mwalimu," alimwambia Evelina. "Mimi sikusoma, kwa hiyo nauliza tu. Mwanangu hasemi shuleni. Jana ameniambia hataki hata kwenda, nimtafutie meza ya mitumba auze. Anasema sauti yake imepelekwa ichekwe. Ni kweli?"

Evelina alisimama. "Nani kamwambia hivyo?"

Lea alikuwa mlangoni. Angeweza kuondoka, na hakuna ambaye angejua upesi. Lakini alimwona Bi Batuli akifuta macho kwa ncha ya khanga.

"Ni mimi," alisema. "Nilidanganya. Nilitaka unirekodi mimi."

Bi Batuli hakumgombeza. Alienda kumwita Hamida, naye akaja, akasimama mbali.

Evelina aliwaketisha wote wawili mkekani. "Mnadhani nasomea nini? Kuongea Kiingereza bila kukosea?"

"Ndiyo," Lea alijibu.

"Hapana. Upande mmoja najifunza lugha yenyewe: sauti zake, sarufi yake, ilivyobadilika karne kwa karne, na watu wanavyoitumia mahali mbalimbali. Upande wa pili ni fasihi: riwaya, tamthilia na mashairi, pamoja na yale ya Waafrika wenzetu walioandika kwa Kiingereza, na namna ya kuyahakiki. Mwisho lazima nifanye utafiti wangu na kuandika tasnifu. Utafiti huo unahusu mtoto wa Kirangi anavyotamka Kiingereza. Maneno ya Kirangi kwa kawaida huishia kwa irabu, ndiyo maana Hamida anaiongeza. Hiyo ni lugha yake inayojitokeza, wala hakuna wa kuicheka. Wewe Lea hujui Kirangi. Ningekurekodi ningepata nini?"

Hamida akauliza polepole, "Hukunicheka?"

"Nilifurahi, kwa sababu ulinipa nilichokuwa nakitafuta."

"Basi nitarudi," Hamida alisema, "ila Lea awaambie wale wa bombani."

Jioni ile Lea alikwenda. Alisimama mbele ya foleni, akasema mbele ya wote kwamba alikuwa ametunga uongo kwa wivu. Uso ulimwaka moto, na mmoja akamzomea. Jumatatu Mwalimu Cornel alimwita Hamida, naye akasoma aya nzima, na irabu zake mwishoni mwa maneno.

Kabla ya kurudi Dar es Salaam na kaseti zake, Shangazi alimwita Lea pembeni.

"Ulikuwa wa kwanza darasani kwa Kiingereza kabla Hamida hajarekodiwa, na bado ni wa kwanza," alisema. "Yeye hakukupunguzia kitu. Wivu ndio uliokudanganya kwamba sifa ya mwenzako imechotwa kwako. Ukiusikia tena moyoni, uliza kwanza ukweli ni upi, kabla hujafungua mdomo. Neno moja lilitosha kumnyamazisha mtoto mwenzako, na karibu limtoe shule."

"Nimesikia, Shangazi," Lea alijibu, na safari hii alikuwa amesikia kweli.