Friji Ilipotoka Mlangoni

Siku hiyo mitungi ya gesi ililetwa kwa bahati tu, na nusu ya Santiago ilikuwa imeshafika uwanja wa Plaza de Marte kabla jua halijakaza. Kwetu foleni haina mstari. Watu hutawanyika vivulini, na anayefika huuliza nani wa mwisho, akishamjua humganda mpaka zamu yake. Dayamí Ferrer alifika na mtungi mkononi, gauni lake la manjano limemnata mgongoni kwa jasho, akauliza.

"Mimi," alijibu mwanamume mrefu aliyevaa shati la samawati. "Ila kwa kuwa umekuja, sasa ni wewe. Pole."

"Na aliye mbele yako?"

"Yule bibi mwenye mwavuli. Yeye ukimpoteza si kitu. Mimi usinipoteze."

Dayamí alimwambia maneno hayo akawauzie watoto wa shule. Jamaa akasema watoto wa shule alishawaacha: alikuwa mwalimu wa kemia mpaka mshahara ulipomshinda, sasa alitengeneza feni na masufuria ya umeme. Jina lake lilikuwa Leosbel. Gesi iliisha kabla hawajafikiwa, wakapandisha mitaa ya Tivolí na mitungi mitupu, yeye kaibeba yote miwili, wanacheka kama waliopata.

Basi wakapendana. Dayamí alikodisha magauni kwa wasichana wanaosherehekea kutimiza miaka kumi na tano, magauni makubwa ya waridi na zambarau ambayo kila mwaka yalitoka kabatini mara chache zaidi, maana wasichana wenyewe walikuwa wanahamishwa nchi na wazazi wao. Leosbel alikuja jioni, akamtengenezea taa na cherehani, akamchokoza mama yake, Bi Zoraida, kwamba yeye ndiye aliyemfuata na binti ni kisingizio. Bi Zoraida alicheka hadi akasahau magoti yake. Umeme ukikatika waliketi mlangoni gizani, na mapenzi ya gizani, ukweli usemwe, yana raha yake.

Hofu yao ilikuwa moja. Mjini kwetu anayeihama nchi haagi. Anaogopa kijicho, anaogopa safari itaharibika kwa kutajwa. Huuza vitu vyake kimya kimya, kitanda kwanza na friji mwisho, na majirani wakiona friji inatoka mlangoni wanajua mwenyewe yuko njiani. Dayamí alishaachwa hivyo. Mwanamume alimbusu asubuhi kama kawaida, jioni akampigia simu yuko Panama.

"Ukitaka kwenda, niambie," alimwambia Leosbel siku moja. "Hata ikiwa usiku wa kuamkia safari. Nitalia, lakini niambie."

"Nitakwenda wapi mimi, mpenzi? Hata gesi ilinishinda kupata."

"Sifanyi mzaha, Leosbel."

"Nitakwambia. Naapa kwa Bikira wa Cobre."

Na Dayamí naye alikuwa na mlango wa kutokea. Kaka yake, Osniel, alifanya kazi kwenye kiwanda cha kuku huko Curitiba, Brazili, na kila Jumapili alipiga simu kumsihi aje na mama. Dayamí alikataa kila mara, na sababu ilijulikana. Bi Zoraida alibaki ameishika simu iliyokwisha kukatwa, anautazama uso wa mwanawe uliogandia kwenye kioo. Alikuwa hajamgusa kwa miaka sita.

Mwezi wa Mei Leosbel alikuja mchana, wakati Dayamí yuko kazini. Alikuwa amenyoa, na shati ni lile la samawati. Akamwambia Bi Zoraida kwamba anataka kumposa binti yake. Ataacha chumba alichopanga na kuhamia kwao, na kwa kuwa nyumba ile ina friji na vitanda, vya kwake atauza, apate mabati ya paa linalovuja. Kwanza atakwenda Baracoa kumwambia baba yake, uso kwa uso, kama inavyostahili. Jumapili atarudi kumposa. Akamwomba mama asimwambie Dayamí. Bi Zoraida akamkumbatia, akaahidi.

Siku mbili baadaye jirani mmoja, Mirta, alifika mbio dukani kwa Dayamí.

"Mwanangu, wewe unashona tu? Friji ya mtu wako inatoka."

Dayamí alikwenda. Alisimama kona ya pili, akaona wanaume wawili wameibeba, na nyuma yake kitanda alichokijua vizuri sana. Leosbel alikuwa mlangoni, anawaelekeza, anatabasamu. Lile tabasamu ndilo lililomkata. Angeweza kuvuka barabara na kumuuliza, ingechukua dakika moja. Hakuvuka. Sisi huku hatuulizi, tumeshazoea kujua. Usiku huo Leosbel alipiga simu, Dayamí akaiacha iite. Alfajiri majirani walimwona akitoka na begi.

Ndipo umeme ukakatika mashariki nzima, na minara ya simu ikafa nayo. Huko Baracoa Leosbel alipanda vilima akiutafuta mtandao, wapi. Huku Santiago Dayamí alisubiri simu ya kutoka Panama, au Guyana, au popote. Umeme ulipong'ang'ana kurudi kwa saa moja tu, aliyepiga simu ni yeye, na alimpigia kaka yake.

"Tununulie tiketi. Mimi na mama."

"Dada, unasema kweli? Usinichezee."

"Kweli. Kabla sijabadili mawazo."

Bi Zoraida alisikia akiwa jikoni. Alijua kinachotokea, alijua maneno gani yangekizuia, na aliyafikisha mpaka mdomoni. Nitamwambia kesho, alijisemea. Asubuhi Osniel alipiga analia kwa furaha. Ameuza pikipiki yake, tiketi zimelipwa, chumba cha mama ameshakipaka rangi. Bi Zoraida akaishika simu kwa mikono miwili na kumwita mwanawe majina ya utotoni. Hakumwambia Dayamí siku hiyo, wala iliyofuata. Nani atamhukumu? Mimi nimejaribu, nimeshindwa.

Leosbel alirudi Jumapili kwa lori, vumbi mpaka kwenye kope, mkononi vifurushi vya nazi na asali vya kwao Baracoa. Aliukuta mlango wazi, masanduku mawili sebuleni, na Dayamí amesimama na blauzi isiyokunjwa.

"Umesahau nini?" Dayamí alimuuliza. "Au wamekurudisha mpakani?"

"Mpaka gani? Nilikwenda kwa mzee."

"Na friji? Na kitanda? Leosbel, nilikuomba kitu kimoja tu."

Leosbel alimweleza polepole: mabati, baba yake, Jumapili. Dayamí aliketi juu ya sanduku. Uso wake uligeuka kuwa wa mtu aliyeteleza ngazini.

"Kwa nini hukuniambia? Kwa nini hukumwambia mtu yeyote?"

Leosbel alifungua kinywa. Nyuma ya Dayamí, kwenye mlango wa jikoni, alisimama Bi Zoraida na kitambaa cha sahani mkononi. Amevaa gauni jipya la safari, bluu lenye kola nyeupe, ameshindwa kungoja. Leosbel alimtazama kitambo.

"Nilitaka kukushtukiza," akasema. "Kosa langu."

Dayamí akalia, akasema atazirudisha tiketi. Lakini hata yeye alijua haiwezekani. Pikipiki haikuwapo tena, na mama yake alikuwa haendi kulala bila kuuliza Curitiba kuna baridi kiasi gani.

"Nipose," alisema mwishowe.

"Unaondoka kesho."

"Nipose hivyo hivyo. Ulisema Jumapili. Leo ni Jumapili."

Akamposa pale pale, hana pete, kati ya masanduku. Dayamí akakubali. Hawakusema lini wala nchi gani, maana hakuna aliyejua, na kuahidi lini ni uongo ambao wameusikia watu wengi mjini kwetu. Asubuhi akawasindikiza kwenye basi la Havana. Dayamí alimwekea funguo za nyumba mfukoni mwa shati na kuubana mfuko kwa kiganja chake, mpaka dereva alipomwita mara ya pili.

Hivyo Leosbel akahamia katika nyumba ile ile aliyotaka kuhamia. Alipiga mabati. Alilala kitanda cha Dayamí, shuka zina harufu ya sabuni yake, na usiku wa kwanza alilia kwa sauti, kwa kuwa hakuna wa kumsikia.

Simu ilifika baada ya majuma matatu. Dayamí alisema wamefika, kuna baridi, anampenda, anatafuta kazi, hajui. Leosbel akasema naye hajui. Wakasikilizana wakipumua. Kisha mama akaomba simu, akajifungia nayo chumbani.

"Mwanangu," alisema kwa sauti ya chini, "nilikuwa najua."

"Najua, mama."

"Hukumwambia."

"Sikumwambia."

Bi Zoraida alilia bila kujificha. Leosbel alimngoja mpaka akatulia.

"Umemwona mwanao?" akamuuliza.

"Nimemwona."

"Amekonda?"

"Amenenepa," alisema Bi Zoraida. "Amenenepa, na ana mvi."

"Basi, mama. Kalale."