Mwema kwa Wino

Saa tatu na robo asubuhi, fundi saa alirudi kutoka kunywa chai, akafungua chumba cha nyuma ya duka na kukuta daftari lake limezama kwenye ndoo ya maji. Daftarini mlikuwa na falme, majoka na hatima ya kila mchezaji: miaka saba ya mchezo wa kuigiza wahusika aliocheza na wenzake mezani, na yeye ndiye msimulizi. Wino wote ulikuwa umeyeyuka.

Alimpigia dada yake, mpelelezi, aliyekuwa ametoka zamu na miguu inawaka moto.

"Nani mwingine ana ufunguo?" dada aliuliza alipofika, akijitupa kitini.

"Wachezaji wangu. Dereva na muuguzi. Mimi namshuku dereva. Anaigiza mwizi, tena mwovu."

Dereva aliitwa kwanza. "Afande, mwizi wangu ameua wafalme wawili. Mimi nikikanyaga kuku silali."

"Asubuhi ulikuwa wapi?"

"Kitandani. Shahidi wangu ni mto."

Mpelelezi alipiga miayo, akavuta karatasi za wachezaji zilizokuwa mezani. Jina na kazi ya mhusika viliandikwa kwa wino. Kisanduku cha tabia kiliandikwa kwa penseli, maana msimulizi huweza kukibadilisha mhusika anapogeuka. Mwizi: "Mwovu", penseli. Shujaa wa muuguzi: "Mwema", penseli iliyokolezwa kwa wino mbichi.

Muuguzi aliingia na sare yake ya kazi.

"Kwa nini leo umeandika kwa wino?" mpelelezi alimuuliza.

"Penseli inafutika."

"Inafutwa na msimulizi tu. Nani alikwambia ataifuta?"

Muuguzi aliivuta karatasi yake.

"Leo shujaa wake angegeuka mwovu," fundi saa alisema polepole. "Sikumwambia mtu. Niliandika daftarini tu."

"Basi alilisoma," alisema mpelelezi.

Muuguzi aliketi kama gunia. "Wodini nina vitanda ishirini na wagonjwa arobaini. Mimi ndiye ninayeamua nani alale sakafuni. Kwenye meza hii tu ndipo ninapokuwa mtu mwema. Nawe umeandika kwamba nitawaacha watoto ndani ya moto nikimbie."

"Ni mchezo tu," fundi saa alimwambia.

"Kwako."

Mpelelezi alifumba macho. Hakuwa na nguvu za kumkamata mtu. "Mwombe radhi mdogo wangu, nikalale."

Muuguzi alikunja karatasi yake, akaitia mkobani.

"Siombi," alisema.