Kitabuni Tuliandikwa Watatu

Mimi na mume wangu tulifika kwenye geti la kuingilia porini saa tisa na nusu, jua limeshaanza kulegea. Kwenye buti kulikuwa na begi moja la nguo. Tangu asubuhi tulikuwa tumeongea maneno kama kumi hivi, na manne kati ya hayo yalihusu petroli.

Safari yenyewe haikuwa ya kitu kikubwa. Tulikuwa tunampelekea wifi yangu nguo za mtoto wetu. Binti yetu alifariki kwa homa miezi minne kabla ya safari hiyo, akiwa na miaka sita. Tulimwita Chiriku kwa sababu alikuwa haishiwi maneno. Wifi ana watoto wadogo, nguo zingewafaa, na mimi nilitaka nikirudi nyumbani nifungue kabati nisizikute. Hilo tu ndilo nililokuwa nalitaka. Kulia nilikuwa sijalia. Msibani watu walinisifu kwamba nina moyo mgumu, nikawaitikia asante.

Mume wangu ni dereva wa basi la shule. Kazini kwake kuna sheria moja: injini haiwashwi mpaka watoto wahesabiwe na idadi itimie. Sheria hiyo alikuja nayo mpaka kwenye gari letu dogo. Kabla ya kuwasha anauliza, "Tumetimia?" Anaanza mwenyewe, "Mmoja." Mimi nafuata, "Wawili." Na kule nyuma Chiriku anapiga kelele, "Watatu!" mpaka masikio yanauma. Tangu tumzike, aliacha kuuliza. Aliacha pia kuniita Mama Chiriku, na mimi nikaacha kumwita Baba Chiriku. Tulikuwa hatuitani chochote. Nikimtaka, nakohoa.

Getini kulikuwa na kibanda cha bati, meza, na mama wa makamo mwenye sare ambaye miwani yake ilikuwa imefungwa kwa uzi. Akamsogezea mume wangu kitabu kikubwa. Namba ya gari, saa ya kuingia, idadi ya watu. Mume wangu akajaza haraka haraka, kama anavyojaza kila siku kazini.

Mama wa geti akasoma. Akachungulia gari letu. Akasoma tena.

"Wa tatu yuko wapi, baba?"

Mume wangu akaitazama kalamu. Kwenye idadi ya watu alikuwa ameandika 3.

"Samahani. Nimepitiwa. Tuko wawili." Akainua kalamu akate.

Yule mama akamshika mkono. "Usikate."

"Lakini nimekosea."

"Najua umekosea. Ila humu kikishaandikwa hakifutwi." Alishusha sauti, ingawa tulikuwa watatu tu pale. "Nendeni. Geti la kutokea linafungwa saa kumi na mbili. Na mkisimama njiani, nawaomba... msihesabiane."

Akanipa stakabadhi, nikaitia kwenye pochi. Siku nyingine ningemuuliza ana maana gani. Siku ile sikuona sababu ya kujisumbua.

Pori lilikuwa pana, nyasi za rangi ya mkate na miti ya miiba iliyosimama mbalimbali. Pengine lilikuwa zuri. Mume wangu aliendesha bila kufungua redio.

Baada ya nusu saa, tairi la nyuma likapasuka. Akashuka na jeki, mimi nikashika spana. Kimya kilikuwa kikubwa mno, hata ndege hawakuwapo. Tulipomaliza tukaingia garini, akashika ufunguo, na nikasikia mdomo wake ukianza wenyewe.

"Tume..."

Akalimeza neno. Akawasha gari.

Mbele kidogo tukavuka mto mkavu, na katikati ya mchanga gari likazama. Hapo tulichimba kwa mikono. Tulikata matawi tukayatandika chini ya matairi, miiba ikatuchana, na mume wangu alitukana mto, mchanga na aliyeuweka mchanga pale. Saa kumi na moja kasoro ndipo tulipotoka. Tulikuwa hoi, tumejaa vumbi mpaka kwenye kope. Akajitupa kwenye kiti chake, akafunga mlango, na kwa uchovu ule neno likamponyoka.

"Tumetimia? Mmoja."

Na mimi, Mungu anisamehe, nikajibu. Hata sikufikiri.

"Wawili."

Nadhani ndipo tulipokumbuka ile sauti iliyokuwa inafuata. Nilitazama mikono yangu iliyochanika, nikangoja uchungu uje. Haukuja.

Kikaja kitu kingine.

Klik.

Mkanda wa siti ya nyuma ulikuwa umefungwa.

Mimi nashona siti za magari. Ndiyo kazi yangu, nina kibanda na mashine mbili, na siti za gari lile nilizishona mwenyewe. Mlio wa mkanda ukiingia kwenye kifungo nausikia mara mia kwa siku. Siwezi kuuchanganya na kitu kingine.

"Umesikia?" mume wangu akanong'ona.

"Nimesikia."

Hakuna aliyegeuka. Akawasha gari.

Kisha ikaja harufu. Harufu ya nguo iliyokaa na maji muda mrefu bila kuanikwa. Kwenye kioo cha ndani niliona siti tupu na mkanda umekaza, umevuka hewa. Nilipaswa kupiga kelele. Nilichofanya ni kufungua dirisha kidogo.

Saa kumi na moja na nusu injini ikachemka. Moshi mweupe ukapanda, mume wangu akashuka na dumu la maji kwenda kufungua rejeta. Nikabaki ndani. Nikapeleka mkono nyuma, taratibu, nikaigusa siti.

Ilikuwa ya baridi. Na ilikuwa imebonyea.

Sponji nazijua. Mtoto wa miaka sita akikaa, siti inashuka upana wa kidole kimoja, na Chiriku ndiyo kabisa, alikuwa mwepesi. Pale mkono wangu ulizama mpaka kwenye kifundo. Aliyekuwa amekaa pale alikuwa mtu mzima, tena mzito. Na kuna jambo jingine ambalo mama yeyote angelikumbuka. Chiriku hakuwahi kufunga mkanda mwenyewe hata siku moja. Kila asubuhi ilikuwa vita. Nilimfunga mimi, naye akifika kona ya kwanza ameshajifungua.

Mume wangu akarudi, ametota jasho. Akakaa. Hakuwasha gari. Safari hii aliuliza kwa makusudi.

"Tumetimia? Mmoja."

"Usifanye hivyo," nikasema.

"Tafadhali."

Akanitazama kwa namna ambayo sikuweza kuivumilia.

"Wawili," nikasema.

Kisha, kutoka siti ya nyuma:

"Watatu."

Ilikuwa sauti ya Chiriku. Nyembamba, na ule mkwaruzo wake wa kuamka. Mume wangu akalaza kichwa kwenye usukani akalia, akalia kweli, mabega yanapanda na kushuka. Alikuwa hajalia na yeye. Nikamwonea wivu.

"Si yeye," nikamwambia sikioni. "Siti imebonyea mno."

"Nyamaza."

"Kafunga mkanda mwenyewe. Chiriku angefunga mkanda?"

"Nimesema nyamaza, utamwamsha." Akawasha gari.

Geti la kutokea tulilikuta saa kumi na mbili kasoro dakika tano. Jua lilikuwa jekundu, limegusa nyasi. Kijana mwembamba mwenye sare alitoka kibandani ameshika kitabu kama kile cha kwanza. Hakwenda upande wa dereva. Alikuja kwangu, akainama dirishani, na ile harufu ilipomfikia akaziba pua kwa kiganja.

"Mama, nimepigiwa simu kutoka kule. Kitabuni mmeandikwa watatu."

"Alikosea kuandika."

"Kuandika si tatizo. Mmehesabiana?"

Akafungua kitabu akanionyesha. Namba nyingi za magari, mistari mingi, saa ya kuingia, saa ya kutoka. Kuna mistari ambayo saa ya kutoka haikujazwa. Mingine wino wake ulikuwa umeshapauka.

"Hawa waliingia, hawakutoka," akanong'ona. "Wapo. Wanangoja gari lenye nafasi. Sasa nisikilize. Naandika idadi utakayoitaja wewe. Ukisema wawili, mnapita wawili, anayebaki anabaki. Ukisema watatu, nawafungulia wote. Lakini akitoka mmoja, wenzake wanaijua njia."

"Na mume wangu mbona humuulizi?"

"Yeye ndiye aliyeandika. Nikimuuliza, najua atasema nini."

Nilielewa kila neno. Hilo nataka lijulikane, sikudanganywa. Nilijua kilichokuwa nyuma yangu hakikutoka tumboni mwangu. Mdomo wangu ulikuwa tayari kusema wawili.

Mume wangu akanishika mkono. Viganja vyake vilikuwa vya moto, na uso wake ulikuwa umerudi, uso ambao sikuuona kwa miezi minne.

"Mama Chiriku," akasema.

Basi. Alisema hivyo tu. Kitu kikafunguka kifuani mwangu na nikatamani kusikia jina hilo kesho, na keshokutwa, hata kwa uongo.

"Watatu," nikamwambia kijana.

Akaandika bila kunitazama. Akainua kizuizi.

Kwa wifi tulilala usiku mmoja. Alipokea begi, akashukuru, akatukaribisha chakula. Asubuhi alitusindikiza mpaka mlangoni, lakini garini hakusogea. Alisema ana mafua. Kurudi tulipita barabara ya kulizunguka lile pori, siku mbili nzima, na mume wangu aliimba njia nzima.

Nyumbani alibadilika. Alinunua pipi, akawa anaziweka kwenye siti ya nyuma. Alianza kula vizuri, akanenepa kidogo, akanitania kwamba nashona mpaka usingizini. Alikuwa ananiita Mama Chiriku mara ishirini kwa siku. Na mimi kila asubuhi, akinipeleka kibandani kwangu, nilikaa mbele, nikajibu wawili, nikasikia watatu, nikafungua dirisha. Nilikuwa nimeshazoea. Mtu anazoea chochote.

Mwezi wa pili tangu turudi niliichomoa ile siti nikaipeleka kibandani, nikafumua kitambaa. Sponji ilikuwa imeshuka haiinuki tena, imeloa katikati. Nikabadilisha, nikashona upya. Kesho yake ilikuwa imebonyea vilevile.

Jumatatu hii tulitoka kama kawaida. Yeye alitangulia garini. Mimi nilichelewa mlangoni, kufuli letu linasumbua, na vioo vya gari vilikuwa wazi. Nikamsikia anauliza.

"Tumetimia? Mmoja."

Nikageuka ili nimwambie angoje.

"Wawili."

Ilikuwa sauti yangu. Ilitoka kwenye siti ya mbele, mahali pangu, imechoka vilevile ninavyochoka mimi asubuhi. Siti ilikuwa tupu na imebonyea.

"Watatu!" ikafuata ile ya nyuma.

Klik. Klik.

Idadi ilikuwa imetimia. Mume wangu akawasha injini. Alipokuwa anarudisha gari nyuma alipitisha macho pale niliposimama, akayatoa, kama mtu anayeangalia kama ukuta uko mbali. Nilimwita kwa jina la Baba Chiriku. Niligonga bodi ya gari kwa ngumi. Alikuwa anacheka, ameelekea siti ya mbele, anamsikiliza mtu.

Kazini hakufika siku hiyo. Simu yake haipatikani.

Jana ndipo nilipoikumbuka ile stakabadhi kwenye pochi. Ina namba ya simu ya geti. Yule mama alipokea mara ya kwanza tu, na kabla sijajieleza akajua mimi ni nani.

"Aliingia Jumatatu saa tisa na nusu," akasema. "Kaandika watatu. Nikachungulia gari, mama, nikaona mmoja."

"Alitoka?"

Nikasikia anafungua kurasa. Alichukua muda mrefu, ingawa nadhani jibu alikuwa nalo.

"Saa ya kutoka haijajazwa."

Nikamshukuru. Nikarudi kwenye mashine, kuna siti za mteja zinatakiwa Ijumaa. Leo asubuhi nilikaa kwenye kiti cha jikoni, nikanywa chai, na nilipoweka kikombe mezani mdomo wangu ulisema wenyewe, kwa sauti.

"Wawili."

Nikaziba mdomo kwa mikono yote miwili. Lakini nje, mbele ya mlango, gari letu lilianza kuunguruma, na dereva wake hakuondoka, alikuwa ananingoja.