Pepo Aliyehojiwa

Jua lilikuwa linazama Daftari alipobisha kwa fundi cherehani. Mkono mmoja ulishika kinasa sauti, mwingine sura ya tatu ya tasnifu yake, iliyorudishwa na msimamizi wake wa chuo kwa mara ya nne. Pembeni, kwa wino mwekundu, msimamizi alikuwa ameandika: "Wewe mwenyewe uko wapi katika habari hii?"

Mara ya nne! Alitamani kumrushia makaratasi yake usoni.

Daftari halikuwa jina lake. Alibandikwa hilo na waumini wa nyumba ya sala ya shangazi yake, kwa kuwa wenzake walipopiga magoti, yeye alikaa nyuma akiandika. Alikuwa anasomea anthropolojia, elimu ya watu na imani zao. Shangazi, aliyemlea tangu utotoni, ndiye aliyeongoza sala za kutoa pepo. Walikula sahani moja kila jioni na jambo hilo hawakuligusa.

Fundi alifungua mlango akiwa na futi ya kupimia shingoni. Mwezi mmoja nyuma mwanamke huyu aligaragara sakafuni mwa nyumba ya sala akinguruma kwa sauti ya kiume. Leo alikuwa mchangamfu, anakunja pindo la gauni.

"Nina maswali machache tu, dada."

"Mdogo wangu, sikumbuki kitu. Nilishakwambia."

"Hata kidogo?"

"Hata chembe. Nilizinduka nikakukuta umekaa ubavuni mwangu unaandika. Kichwa chepesi. Nikajua ameondoka." Fundi akasimamisha cherehani. "Wewe ndiye uliyekuwa naye. Mimi unaniuliza nini?"

Daftari aliondoka amenuna. Mwezi mzima wa kazi, na jibu ndilo hilo!

Ni kweli alikuwa naye. Siku ile shangazi alitoka kidogo kupumzisha sauti, akamwachia mgonjwa. Daftari akawasha kinasa na kumhoji pepo kwa dakika arobaini, kwa adabu zote, kama alivyofundishwa. Anaitwa nani. Ametoka wapi. Anapenda nini. Pepo alijibu yote, kwa lugha safi kabisa. Mwishoni naye akauliza lake:

"Chumbani kwako kuna nafasi?"

Daftari alicheka. "Ipo," alijibu, kisha akaandika: *ana ucheshi*.

Sasa, njiani, alianza kusikia harufu. Nguo mbichi chini ya pasi ya moto... Akadhani ameitoa kwa fundi. Akapita duka la dawa, akapita karakana ya baiskeli, harufu ikawa naye bega kwa bega. Alipofungua chumba chake, nyuma ya nyumba ya shangazi, ilikuwa imetangulia ndani.

Kiti cha mezani kilikuwa kimevutwa nje.

Taa haikuwaka. Akabonyeza tena swichi. Wapi!

Kisha, kutoka pembeni mwa kabati, sauti tulivu...

"Tuliishia wapi?"

Makaratasi yalitawanyika. Daftari alivuka ua bila viatu, akaangukia jikoni kwa shangazi, ambaye alikuwa anasugua sufuria.

"Pepo wa fundi yuko chumbani kwangu, shangazi. Siku ile aliniuliza kama kuna nafasi, nikasema ipo. Mtoe!"

Shangazi alinusa. Harufu ilikuwa imeshaingia jikoni. Akaweka sufuria chini polepole.

"Kwa fundi aliingia kwa nguvu," alinong'ona. "Wewe umemkalisha mwenyewe. Nikimwambia toka, atakutazama wewe. Mkemee."

"Mimi siamini mambo haya!"

"Najua. Na yeye anajua. Unadhani kwa nini amekupenda?"

Daftari akageukia mlango.

"Toka."

Mfuniko wa sufuria ukatikisika kidogo sakafuni.

"Unasema kama unasoma karatasi," shangazi alisema.

"Toka kwa... kwa jina la Mungu."

"Lipi hilo? La kwako au la kwangu?" shangazi aliuliza.

Hapo ndipo hasira ilipompanda. Miaka mitatu ya tasnifu hii! Msimamizi anamtaka aingie ndani ya habari, waumini wanamwona msaliti, shangazi anamtega kwa maswali, na sasa hiki kitu, kinachomngoja kwa upole, kana kwamba kina haki!

"Toka!" Machozi yalimruka. "Sikutaki! Toka! Toka!"

Mlango ukajibamiza ukutani. Upepo wa moto ukampita usoni, kisha hewa ikawa nyepesi. Harufu ikakatika.

Daftari aliteleza chini, akicheka na kulia. Hakujua kama ile ilikuwa imani au ghadhabu tupu. Alitaka shangazi amshike, amwambie hongera.

Shangazi hakumsogelea. Uso ulikuwa umemwiva.

"Umemwambia aende wapi?"

"Nimemwambia atoke."

"Kila ninapomtoa pepo namtajia mahali pasipo na watu, mwanangu. Kila mara! Hujanisikia?"

"Unanong'ona! Hukuwahi kunieleza!"

"Hukuwahi kuniuliza. Umewahoji wote mtaani, hata yeye. Mimi hujanihoji hata siku moja."

Daftari aliinuka sakafuni.

Ndipo waliposikia, upande wa pili wa ukuta, kwa jirani yao, mkunga mstaafu aishiye peke yake...

"Hodi."

Sauti tulivu. Ya adabu.

"Hodi, mama."

"Asiitike," shangazi alisema. "Mungu wangu, asiitike."

Daftari aliupiga ukuta kwa viganja vyote viwili. "Bibi! Usifungue! Bibi!"

Komeo la bibi lilivutwa.

"Karibu, baba," bibi alisema. "Karibu ndani."

Walikimbia wakazunguka, wakagonga mlango mpaka ngumi zikauma. Bibi alifungua taratibu, nusu tu, anatabasamu.

"Polepole, jamani," alisema. "Nina mgeni."