Matundu ya Simu ya Mama

Kila Jumamosi asubuhi, kabla ya chai kumiminwa, vifaa vya nyumba ile vilipangwa mezani kama wanafunzi mstarini: simu ya mama, redio ya baba, rimoti ya televisheni na kikokotoo cha Chiriku. Baba alikuwa seremala aliyesoma shule ya bweni, na hakumruhusu mtu kulisahau jambo hilo. Sheria yake ilikuwa moja: kinachotuhudumia wiki nzima, nacho kihudumiwe. Kazi hiyo alimpa binti yake wa darasa la sita, aliyeitwa Chiriku kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo.

Chiriku alikuwa na mbinu yake. Aligundua kwamba baba, akikagua, huinua kifaa dirishani na kutazama kioo tu. Basi naye alisugua vioo tu. Pembeni na kwenye vitundu hakugusa.

"Safi!" baba alizoea kusema. "Kioo hiki ningeweza kukinyolea ndevu."

Jumamosi moja mama hakucheka. Alikuwa akikanda unga wa mikate ya kuuza, simu yake ikiwa tayari imetolewa katika mfuko wa aproni na kuwekwa mezani. Wateja wake huagiza kwa ujumbe. Aliyempigia alikuwa mwanawe mkubwa peke yake, aliyekuwa shule ya bweni na kuruhusiwa kutumia simu ya mlezi wa bweni kila Jumamosi.

"Baba watoto," alisema, "leo akipiga, nitamwambia afungashe. Jumatatu namfuata nimrudishe nyumbani."

"Kwa kosa gani, na mtihani wa mwisho uko mlangoni?"

"Lazima liwe kosa? Mtoto anaumwa! Kila wiki sauti inazidi kudidimia. Juma lililopita ilikuwa kama ya mtu aliyelazwa. Nikimuuliza, anajibu, 'Mzima, mama.' Mzima gani asiye na sauti?"

"Bweni humkomaza mtu," baba alisema, lakini bila nguvu zake za kawaida. Kisha akashusha pumzi. "Kama anaumwa kweli, basi aje."

Chiriku, aliyekuwa na simu mkononi, aliacha kusugua. Alijua jinsi kaka yake alivyoihangaikia nafasi yake katika shule ile. Akaigeuza simu, akaichungulia. Pale juu ya kioo, mahali sikio linapowekwa, unga na mafuta ya vidole vilikuwa vimegandana vikawa ukoko. Matundu hayakuonekana kabisa.

Akaizima, akatoka nayo barazani, akachukua mswaki mkuukuu uliokauka. Aliielekeza simu chini ili uchafu usiingie ndani zaidi, akapiga mswaki taratibu. Unga ukadondoka kama vumbi la mbao chini ya msumeno wa baba. Tundu la kwanza likafunguka, kisha la pili, kisha mstari mzima. Chiriku akajikuta akitabasamu. Kusugua vioo hakukuwahi kumpa raha kama hii ya kukiona kitu kikirudia hali yake. Akaendelea na rimoti, kisha kikokotoo, ambacho kitufe chake cha saba kilikuwa kimegoma muhula mzima. Sasa kilibonyea bila kubembelezwa.

Alipoiwasha simu na kuirudisha ndani, haikukawia kulia. Mama alifuta mikono, akaiweka sikioni, na mara akaitenga na sikio.

"SHIKAMOO MAMA!" Hata baba aliisikia akiwa kitini.

"Marahaba! Mwanangu, mbona unapiga kelele? Umepona lini?"

"Nipone nini tena? Kila wiki napiga kelele hivi hivi, hadi mlezi ananiuliza nagombana na nani!"

Mama alicheka mpaka machozi yakamtoka, na neno la kufungasha halikutamkwa. Maongezi yalipokwisha, aliitazama simu kwa mshangao. "Imejiponya yenyewe?"

Chiriku angeweza kunyamaza. "Haikujiponya, mama. Ilikuwa chafu. Mimi husugua vioo tu, kwa sababu baba hutazama vioo."

Baba aliweka kikombe chini.

"Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti," alisema. "Binti yangu, kazi inayofanywa kwa ajili ya jicho la mkaguzi ni uongo usiotamkwa. Uongo huo nusura umtoe kaka yako darasani. Lakini umeuondoa kwa mkono wako, na umeukiri kwa ulimi wako bila kushurutishwa. Uungwana ni vitendo. Shika hilo siku zote: safisha hata pale ambapo hakuna atakayetazama."

"Na mkaguzi je?" mama aliuliza, akiukanda unga. "Yeye hafunzwi?"

Baba alikohoa. Akaichukua redio yake, na badala ya kuiinua dirishani, akaigeuza.

"Chiriku," akasema polepole, "niletee huo mswaki."