Shati la Arobaini

Tumtangulize Mwenyezi Mungu, maana mambo haya si ya kusimuliwa kabla ya kumtaja.

Lalla Yamina alianika mashati thelathini na tisa asubuhi. Alipotoka kuyaanua, saa kumi na mbili kasoro, jua la Julai likiwa bado juu, yalikuwa arobaini.

Alihesabu tena. Alikuwa dobi wa mabaharia wa Kifaransa hapo bandarini Marsa kwa miaka kumi na tisa, na dobi hakosei hesabu ya kamba yake. Thelathini na tisa yalikuwa yamekauka mpaka yamekakamaa. La arobaini, lililokuwa mwisho wa kamba upande wa bahari, lilikuwa likichuruzika. Alilisogelea akalinusa. Lilinuka mafuta mazito ya meli. Akageuza kola, mahali ambapo kila baharia hupigiwa namba yake kwa wino mweusi. Hapakuwa na namba.

"Mama!" Kheira aliita kutoka ndani. "Mbona umesimama juani kama mti?"

"Nahesabu."

"Tangu lini wewe ukahesabu mara mbili?"

Kheira alikuwa mke wa mwanawe, Laredj, aliyetekwa na Wajerumani mwezi uliopita. Alfajiri hiyo alikuwa amejifungua mtoto wa kiume. Mtoto hakuwa na jina bado. Kwetu mtoto hupewa jina siku ya saba, na kabla ya hapo haachwi peke yake hata kidogo, kwa sababu asiye na jina yuko wazi kama nyumba isiyo na mlango.

Lalla Yamina alipoigeukia kamba, mashati yalikuwa thelathini na tisa. Lakini pale mwisho wa kamba vumbi lilikuwa limelowa, na juu ya vumbi palikuwa na tone jeusi. Alilifukia kwa mguu. Hakumwambia mtu.

Alikuwa na sababu ya kutosema.

Juma lililotangulia, Jumanne, baharia mmoja aitwaye Goulven alikuja kuchukua nguo za meli yao. Alikuwa mtu mrefu mwenye masikio mekundu, mpenda mzaha. Wafaransa humwita kila mwanamke wetu anayewafanyia kazi Fatma, awe nani awe nani, na Goulven naye alimwita hivyo.

"Fatma wangu, shati langu li wapi? Kesho tuna ukaguzi."

Shati lake lilikuwa chini ya kapu, limefichwa. Lalla Yamina alikuwa ameliunguza mgongoni, alama nzima ya pasi, na dobi aliyeunguza nguo ya jeshi hunyang'anywa kibali, pengine hufungwa.

"Halijakauka," alisema. Akachomoa lingine. "Vaa hili la Tanguy. Anayo matatu, hatajua."

Tanguy alikuwa mwenzake wa meli ile ile, mtu wa chumba cha injini.

"Lina namba yake hili. Na uzi mwekundu kwapani! Nitaonekana bibi harusi."

"Uzi mweupe uliniishia. Nani atakuchungulia kwapa?"

"Na wakiniita Tanguy?"

"Itika! Mimi mnaniita Fatma mwaka wa kumi na tisa huu, na naitika. Onja na wewe, siku moja tu."

Goulven alicheka mpaka akakohoa. Akalikunja shati, akaenda nalo.

Kesho yake Waingereza, waliokuwa rafiki za Wafaransa mpaka juzi, waliziweka meli zao nje ya bandari tangu asubuhi. Watu wa Marsa walipanda juu ya mapaa kutazama, wengine na mbegu za kutafuna mikononi. Mashua ilikwenda na kurudi na barua. Hakuna aliyeamini kwamba rafiki atampiga rafiki. Saa kumi na mbili kasoro mizinga ilianza, na kabla mtu hajamaliza Yasini meli ya akina Goulven ilikuwa imepinduka, tumbo juu, na mamia ya watu ndani yake. Walioshuka ufukweni walisema walisikia kugonga chini ya chuma. Ijumaa hawakusikia tena.

Ijumaa hiyo hiyo madobi waliitwa bandarini. Maiti walikuwa weusi kwa mafuta, na moto ulikuwa umewaondoa nyuso. Hawakutambulika ila kwa namba za nguo zao, na namba zenyewe hazikusomeka mpaka zifuliwe. Madobi walipewa mafuta ya taa na sabuni nyeusi. Kila mmoja aliletewa shati, akasugua kola, akamsomea karani tarakimu zilipojitokeza.

Shati la nne aliloletewa Lalla Yamina lilikuwa na uzi mwekundu kwapani.

"Namba?" karani aliuliza bila kuinua kichwa.

Hatua tatu kutoka pale alilala mtu mrefu, amefunikwa turubai. Lalla Yamina alijua ni nani. Angeweza kusema. Aliliona neno mdomoni mwake, akauona na mlango wa jela, akamwona Kheira na tumbo lake la mwezi wa tisa.

"Sita, moja, saba," alisema.

Karani akaandika: Tanguy. Mtu wa turubai akazikwa mlimani kwa jina hilo. Tanguy mwenyewe hakuonekana, na Goulven akaandikwa miongoni mwa wasiojulikana walipo.

Usiku wa siku ile Lalla Yamina hakusali kwa raha. Ndani ya sanduku lake mlikuwa na karatasi ya mwaka wa kumi na saba, kuhusu mwanawe wa kwanza, Habib, aliyekwenda kuwapigania Wafaransa vita vile vya kwanza. Karatasi ilisema: hajulikani alipo. Kwa miaka ishirini na mitatu amekuwa akiitoa na kuirudisha. Yeye, miongoni mwa kina mama wote, ndiye aliyemtumia mama mwingine karatasi ile ile.

Siku ya tatu ya mtoto, Kheira alikisukuma kibakuli cha uji wa semolina na asali.

"Mama, tamina inanuka meli."

"Ni pua zako za uzazi."

"Pua zangu? Njoo uone sakafu."

Kutoka mlangoni mpaka kitandani pa mtoto palikuwa na nyayo nyeusi za mtu mkubwa, asiye na viatu. Zilikwenda. Hazikurudi.

Kheira alishusha sauti. "Mama, ulimwaga maji ya moto bila bismillahi? Umewaunguza wenyewe wa chini ya ardhi?"

"Labda."

"Labda? Wewe, unayemwambia bismillahi hata paka akikohoa?"

Lalla Yamina alichukua kitambaa akapiga magoti kufuta sakafu. Alifuta na kufuta.

Siku ya tano, saa ile ile ya mizinga, Kheira alikuwa akimnyonyesha mtoto na Lalla Yamina akipepeta majivu, ndipo lile sufuria kubwa la shaba la kuchemshia nguo, ambalo lilikuwa tupu na limefunikwa tangu asubuhi, likaanza kugongwa kutoka ndani, si kwa haraka, bali kwa subira, kama anavyogonga mtu ambaye amegonga kwa muda mrefu na bado anaamini kuna anayesikia: mara tatu, kimya, mara nne, kimya, mara mbili, kimya, kisha tatu tena, na harufu ya mafuta ikapanda kutoka sakafuni mpaka mwanga ukafifia mchana kweupe, na mtoto akaliachia titi akageuza kichwa kulielekea sufuria, jambo ambalo mtoto wa siku tano hawezi kulifanya, akatulia akisikiliza kama mtu anayeitwa, na Kheira alipomwinua kifuani aliona kwenye kisogo chake, pale pale ambapo kola ya shati hugusa shingo, alama nyeusi ya vidole viwili, mbichi, inayochuruzika.

Tangu saa hiyo mtoto hakunyonya.

"Mwanangu anachukuliwa, Mama," Kheira alinong'ona. "Nifanyie jambo. Kama kuna jambo unalijua, nifanyie."

Siku ya sita aliitwa fakihi, Si Menouar, mzee wa maneno machache. Hakufukiza chochote. Alikaa kwenye mkeka na tasbihi yake mpaka saa ilipofika na sufuria likagonga. Tatu. Nne. Mbili.

"Hiyo ni hesabu ya nani?" aliuliza.

Lalla Yamina aliinuka. Alikwenda kwenye kapu, akalitoa shati lililoungua, akaligeuza kola. Tatu, nne, mbili. Kisha alieleza yote, hata shati la arobaini, na Kheira akamsikiliza, mkono mdomoni.

"Maiti harudi, Lalla," Si Menouar alisema. "Huyu si baharia. Lakini kila mtu huzaliwa na jini wake, wakaenda pamoja mpaka kaburini, na huko jini husubiri bwana wake aitwe jina lake ili naye apumzike. Jini wa baharia huyo amesikia bwana wake akiitwa jina la mtu mwingine. Anatangatanga. Na hapa amemkuta mtoto asiye na jina."

"Basi msomee!" Kheira alisema. "Mfukuze, Si Menouar, kesho ndiyo siku ya saba!"

"Mwanangu, jini mwonevu nitamfukuza. Huyu amedhulumiwa. Nikimsomea aya za Mungu ili adhulumiwe mara ya pili, nitazijibu nini aya hizo?" Alimgeukia Lalla Yamina. "Kwa nani ulisema uongo?"

"Kwa karani."

"Anzia huko. Kabla mtoto hajatajwa."

Asubuhi ya siku ya saba alikuwa mlangoni kwa karani kabla hata karani hajafika. Alisema yote akiwa amesimama. Karani alivua miwani. Macho yake yalikuwa mekundu, ya mtu asiyelala.

"Fatma, mama yake Tanguy ameshaandikiwa barua. Ameambiwa mwanawe ana kaburi. Unataka nimwandikie nyingine, nimnyang'anye?"

Mama huyo hakuwa amempitia Lalla Yamina akilini hata mara moja.

"Nenda nyumbani," karani alisema kwa upole. "Wote wawili wamekufa kwa ajili ya nchi."

"Jina langu Yamina."

"Sawa, Fatma. Nenda nyumbani."

Hakwenda nyumbani. Alipanda makaburini akiwa na shati lililoungua chini ya haiki yake, shuka la kujitanda, na chupa ya wino wa kupigia namba. Aliutafuta msalaba wenye 617. Akachimba kwa mikono, akalifukia shati hapo chini. Kisha akaifuta 617 kwa wino, mistari miwili, kama anavyosahihisha kola, na juu yake akaandika 342.

"Goulven," aliita. Akaita tena, na tena. "Goulven. Hili ni lako. Mimi Yamina ndiye niliyekufanya uitike jina la mtu. Nisamehe, na umwache mtoto."

Upepo ulitoka baharini, safi, hauna harufu.

Alipofika nyumbani alimkuta Kheira analia na kucheka. Mtoto alikuwa amelikamata titi kama mwizi. Kisogo chake kilikuwa cheupe. Jogoo alichinjwa, majirani wakala, Si Menouar akaadhini katika sikio la mtoto na kumtaja mara tatu: Habib. Jina likakaa. Watu wote waliliona likikaa, maana mtoto alipiga chafya, na wanawake wakapiga vigelegele.

"Mungu mkubwa," Kheira alisema, akiubusu mkono wa mama mkwe wake. "Yamekwisha, Mama."

Wageni walipoondoka, Lalla Yamina alichukua kapu akatoka uani kuanua nguo. Jua lilikuwa bado juu. Alianzia upande wa nyumba, akihesabu kwa sauti, na moyo wake ulikuwa mwepesi kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa ile. Thelathini na saba. Thelathini na nane. Thelathini na tisa.

Mkono wake uliokuwa ukitafuta kibanio kinachofuata uligusa kitambaa baridi.

Hili halikunuka mafuta. Lilinuka bahari ya chini kabisa, ambako jua halifiki, na maji yaliyolitoka yalikuwa ya barafu, yakamwingia mkononi mpaka kwenye kiwiko. Kwapani mlikuwa na uzi mwekundu, mshono wa mkono wake mwenyewe. Aliigeuza kola polepole, akiomba. Badala ya namba aliona mistari miwili ya wino wake, mibichi, na juu ya mistari hapakuwa na kitu.

Ndani ya nyumba, chini ya kifuniko cha shaba, kwa subira, mtu aligonga mara sita. Kimya. Mara moja. Kimya. Mara saba.

"Mama?" Kheira aliita, sauti yake imekauka. "Mama, mangapi leo?"

Lalla Yamina aliitazama bandari, na lile tumbo jeusi la meli lililobaki juu ya maji.

"Arobaini," alisema, kwa maana uongo ulikuwa umemwishia.