Jina Lililogoma Kukauka

Jina la Geng Baoshan liligoma kukauka.

Mwanzoni lilikuwa jambo la kuchekea. Joto la Julai mjini Wuhan hukausha shati mgongoni kabla mwenyewe hajamaliza kulalamika, na kwenye uwanja wa mawe wa bustani kando ya ziwa, kila alichoandika mzee mmoja kwa brashi yake ndefu kama fagio kilififia kabla hajafika mwisho wa mstari. Wazee wa bustani ndivyo wanavyopitisha Jumapili: ndoo ya maji, brashi ya sponji, shairi linaandikwa, shairi linakauka, hakuna anayeumia. Baoshan, mgeni kutoka Lanzhou, dereva mstaafu wa malori mwenye tumbo linalomtangulia kila aendako, alikuwa ameomba aandikiwe jina lake.

"Liandike nene," alimwambia mzee. "Likiwa jembamba hawatajua ni mimi."

Mkewe, Qiu Suzhen, alicheka. Asubuhi walikuwa kanisani, yeye kwa ajili ya Mungu, mumewe kwa ajili ya kiyoyozi. Baoshan alisinzia mahubiri yote, akazinduka kwenye wimbo wa mwisho na kuimba kuishinda kwaya nzima, ubeti mwingine kabisa. Baada ya hapo walikula tambi za ufuta wamesimama kando ya barabara, wakaingia bustanini kutangatanga bila ratiba. Miaka thelathini na miwili ya ndoa, na hii ndiyo ilikuwa safari yao ya kwanza isiyo na shehena nyuma yao.

"Dakika kumi hizi," Suzhen alisema akiyatazama mawe. "Mashairi yote yamekauka. Mbona lako bado bichi?"

"Jina la mwanamume wa maana, mama. Haliondoki kwa pupa."

Kisha akakohoa. Kikohozi kidogo tu, cha mtu aliyepaliwa na chai, lakini kilimwaga maji kiganjani. Baoshan alikitazama kiganja, akakinusa, akakunja uso. Harufu ikamfikia na Suzhen: matope ya chini ya ziwa na majani yaliyooza, kama chombo cha maua kilichosahaulika dirishani mwezi mzima.

"Mzee Geng, umekunywa nini wewe?"

"Chai yako hiyo hiyo."

Akakohoa tena, na safari hii akatoa unyasi wa kijani, mrefu kama kidole. Alijaribu kuufanyia mzaha, mdomo ukafunguka, mzaha haukutoka. Akakaa kwenye benchi kwa kishindo. Hatua ishirini kutoka hapo akina mama walikuwa wakicheza ngoma yao ya mazoezi kwa spika kubwa, na mmoja wao, mtu mwema, akaja mbio na chupa.

"Ni joto hilo, dada. Mnyweshe maji. Mengi."

Alipomeza, maji yalimtoka puani.

Hapo ndipo Suzhen alipogeuka kumtazama yule mzee vizuri. Ndoo yake ilikuwa mbali naye, lakini mawe aliyokanyaga yalikuwa yamelowa, soksi zake zilichuruzika maji, na nyayo zake, zile nyayo zenye maji ambazo jua lile halikuzigusa, hazikutoka upande wa lango bali zilipanda moja kwa moja kutoka ziwani. Bibi yake Suzhen alikuwa akimtisha asiogelee Mto Manjano kwa habari hiyo hiyo: aliyezama hatoki, hukaa chini kama mlinzi wa zamu, akisubiri mwingine azame ampokee. Siku alipobatizwa Suzhen aliyaweka mambo hayo kando pamoja na ubani na makaratasi ya kuwachomea wafu.

Alipiga magoti akavua skafu yake, akalisugua jina la mumewe, akaikamua skafu na kusugua tena, akalipepea kwa karatasi ya nyimbo za kanisani, akalilalia kifua ili nguo yake inywe yale maji, na maji yakaendelea kupanda taratibu kutoka ndani ya jiwe, kila mkato wa herufi mahali pake, nene kama mwenyewe alivyoomba, huku nyuma yake pumzi ya Baoshan ikitoa mlio wa mtungi unaojazwa.

"Usijichoshe, mdogo wangu," mzee alisema kwa upole wa mwalimu. "Hilo litakauka likiandikwa jingine."

"Jingine lipi?"

"Lolote. Nimekaa humo ziwani miaka thelathini na mmoja, sichagui tena. Mimi nina ruhusa ya kuandika la anayeniomba tu, na yeye aliniomba. Wewe unaweza kuandika la asiyeomba."

Suzhen akafumba macho na kusali, kwa kunong'ona, maneno yakigongana. Mzee akashusha brashi, akainamisha kichwa. Alipomaliza, alisikia sauti mbili zikisema amina.

Akaipokea brashi. Ilikuwa na baridi ya samaki. Akaweka mkato wa kwanza wa jina lake mwenyewe, na wa pili, kisha mkono ukasimama wenyewe hewani, na hata alipousukuma kwa mkono mwingine haukushuka.

"Wengi huanza na lao," mzee alisema. "Halafu bega linakuwa zito. Si aibu."

Miguu ya Baoshan ilikuwa imeanza kupiga mateke hewani polepole, kama mtu anayetafuta sakafu. Na majina yakamjia Suzhen kwa wepesi uliomtisha kuliko mzee mwenyewe: wifi yake, jirani wa ghorofa ya juu na viatu vyake, mchungaji wa asubuhi, aliyehubiri saa moja na nusu. Alimfikia mchungaji, akaona haya, na katika ile haya akapata akili. Angeandika jina la mtu asiyekuwapo. Akachukua jina la ukoo usio wa watu wengi, akalifuatisha neno la kijito, kisha neno la mvua, maji juu ya maji, jina ambalo hakuna mzazi mwenye akili timamu angempa mtoto. Ruan Xiyu. Akaliandika haraka.

"Huyu ni nani?" mzee aliuliza.

"Hakuna."

"Aa." Mzee akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Una mwandiko mzuri."

Akaelekea langoni bila kuchukua ndoo yake, na kila alipokanyaga palibaki pakavu. Jina la Baoshan likafifia, mkato kwa mkato. Baoshan akatapika ziwa lote lililokuwa ndani yake, akafumbua macho.

"Nimeota naendesha lori chini ya maji," alisema. "Breki zilikuwa nzima, lakini. Nina njaa."

Suzhen alilia na kucheka, akamfuta mdomo, akamshika mkono waondoke. Hakutazama nyuma kwenye mawe.

Walikuwa karibu na daraja la mayungiyungi muziki wa akina mama ulipokatwa, na spika ikakwaruza.

"Tunaomba msaada. Anatafutwa mtoto wa kike, miaka sita, viatu vya njano. Ameonekana mara ya mwisho hapa darajani. Jina lake Ruan Xiyu."

"Maskini," Baoshan alisema. "Twende tukasaidie kutafuta. Sisi tuna haraka gani?" Na kwa sauti yake ya barabara kuu akaanza kuita. Kisha akamgeukia mkewe. "Ita na wewe, mama. Mtoto huogopa sauti ya mwanamume."

Watu walikuwa wakitazama. Suzhen akafungua mdomo, akaita.

Mwanamke aliyekuwa ameinama ukingoni akageuka, kiatu kimoja cha njano mkononi, akaja na kumshika Suzhen vidole.

"Ahsante, dada. Umelitamka sawasawa. Wengi hulikosea." Alijilazimisha kutabasamu. "Tulilitunga wenyewe, mimi na baba yake. Tulitaka jina ambalo hakuna mtu mwingine duniani analo."